Ukikatizwa, anza ukaguzi upya

Wadogo zangu mnaoingia kwenye urubani, nawaandikia juu ya asubuhi moja ya masika ambayo nusura ituue mimi na abiria watatu.

Cessna 206 yangu, ndege ndogo ya injini moja, ilikuwa imelala nje siku mbili kwenye kiwanja cha changarawe, na mvua ilikesha. Nilianza ukaguzi vizuri. Nikakinga mafuta kidogo kwa kikombe chini ya bawa la kushoto, yakatoka ya buluu, safi. Nilipoelekea la kulia, abiria wakafika na mizigo mingi kuliko tulivyokubaliana. Tukapima, tukabishana, tukapunguza. Niliporudi kikombe kilikuwa bado mkononi, na kichwa kikaniambia bawa la kulia tayari.

Ndege ile ina tangi kila bawa, na hutumia moja kwa wakati. Niliwasha na kupasha injini kwa tangi la kushoto, kisha kabla tu ya kupaa nikahamia la kulia kwa kuwa lilikuwa na mafuta mengi zaidi. Tukiwa futi 200 hivi juu, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Nikashusha pua na kutua shambani mbele yetu. Gurudumu la mbele likang'oka, na abiria mmoja akavunjika mkono.

Fundi alipofungua tangi la kulia alikuta maji. Mpira wa kifuniko ulikuwa umechanika.

Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo hutulia chini ya tangi, karibu na pale injini inapovuta. Tena yana hila: kikombe kikijaa maji matupu huoni mstari wowote unaotenganisha, na mtu mwenye haraka atayaona masafi. Kishike mbele ya kitu cheupe, utafute ile buluu ya 100LL, yaani petroli ya ndege, kisha unuse. Na injini ijaribiwe kwa tangi lilelile utakalopaa nalo. Kosa hili la pili ndilo linaloniuma zaidi, maana ningelijua tatizo magurudumu yakiwa bado chini.

Siku hizi mtu akinisemesha katikati ya ukaguzi narudi mlangoni na kuanza upya, hata kama nilibakiza kifuniko kimoja.

Msidhani kusahau ni kwa wanafunzi tu. Tarehe 31 Mei 2014, huko Bedford, Massachusetts, Marekani, ndege binafsi ya jeti aina ya Gulfstream IV ilishindwa kuinuka ikapitiliza njia yake, wakafa watu wote 7. Ile komeo inayofunga usukani ili upepo usitikise vibawa vya mabawa na mkia ndege ikiwa imeegeshwa haikuwa imefunguliwa. Marubani walikuwa wazoefu. Wachunguzi waliposoma kumbukumbu za ndege, waliona kwamba katika mara 175 ilizopaa kabla ya hapo, asilimia 98 hawakufanya jaribio kamili la usukani. Kila waliposalimika, jaribio lile lilizidi kuonekana si la lazima.

Kwa hiyo zungusha usukani mpaka mwisho, kila upande, macho yakiwa nje. Ukiupeleka kushoto, kibawa cha nyuma ya bawa la kushoto lazima kiinuke juu. Kuhisi kwa mkono hakutoshi, kione.

Abiria wakiwahi, waombe wasubiri mbali na ndege mpaka umalize. Mimi huwaeleza habari ya yule aliyevunjika mkono, na hadi leo hakuna aliyeninung'unikia.