Mwambie mjukuu wangu dinosaria hawarudi

Mwanangu Salma,

Waaleikum salaam. Sisi huku Malindi hatujambo. Ujumbe wako nimeusoma, nikacheka peke yangu: eti mwanao ameona sinema ya dinosaria waliofufuliwa kwa damu yao iliyonyonywa na mbu aliyenaswa ndani ya kaharabu, utomvu wa mti uliogeuka jiwe, akakuuliza kama yawezekana, nawe ukamsukumia bibi kwa kuwa alifundisha biolojia.

Haiwezekani. Kiumbe akishakufa, uzi wa DNA yake, ule unaobeba maelekezo ya urithi ndani ya seli, huanza kukatika, na joto, maji na bakteria huumaliza. Watafiti walipima mifupa ya moa, ndege wakubwa wa New Zealand waliokwisha zamani, wakakuta nusu ya vifungo vya uzi huo hukatika katika miaka 521. Dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Hesabu iliyobaki na aifanye mwenyewe, asikae bure. DNA kongwe iliyowahi kusomwa, ya udongo wa Greenland, ina miaka kama milioni 2, nayo ni vipande vipande. Na ile ya kwenye sinema, ya kuziba mapengo kwa DNA ya chura! Wazao wa dinosaria waliobaki duniani ni ndege. Kuku wa jirani yako angefaa zaidi.

Tena hata DNA ikipatikana nzima, yai utalitoa wapi, na nani atabeba mimba? Huko Hispania walikuwa na seli zilizogandishwa za bukardo wa mwisho, mbuzi-mwitu wa milimani aliyekufa mwaka 2000, na mbuzi wa kubeba mimba walikuwepo. Mwaka 2003 kitoto kikazaliwa, mapafu mabovu, kikafa baada ya dakika chache. Wale mbwamwitu wa kale waliotangazwa Marekani mwaka 2025 kuwa wamefufuliwa ni mbwamwitu wa kijivu waliobadilishwa jeni 14, yaani vipande vya DNA vyenye maelekezo. Kazi kubwa, sikatai, lakini kumwita huyo mnyama wa kale ni biashara.

Mimi macho yangu yako Laikipia. Sudan, dume la mwisho la kifaru mweupe wa kaskazini, alikufa huko katika hifadhi ya Ol Pejeta mwaka 2018, wakabaki majike wawili, Najin na Fatu. Mayai ya Fatu yamerutubishwa kwa mbegu zilizogandishwa, ili mimba ibebwe na kifaru mweupe wa kusini. Hapo kuna seli nzima na tumbo la jamaa wa karibu, na bado ni kazi ngumu.

Kama anataka kiumbe wa ukoo wa enzi za dinosaria, yupo samaki aitwaye silakanti. Wataalamu walidhani ametoweka, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2001 mwingine akanaswa kwenye bahari yetu hapa Malindi, na yuko makumbusho. Mapezi yake yameota juu ya vikonyo vya nyama, na mkiani ana kijipezi cha ziada katikati. Likizo ya Desemba mlete nimwonyeshe, ila mwambie mapema kuwa hang'ati mtu, asije akaninunia.

Mamako