Nimeswali istikhara, mbona sijaota kitu?

SWALI: Assalaam alaykum. Duka alilokuwa akifanyia kazi mume wangu lilifungwa mwaka jana, na hadi leo hajapata kazi nyingine. Mimi nimepata nafasi ya kazi za nyumbani Muscat, mkataba wa miaka miwili. Nimeswali istikhara usiku saba mfululizo, sijaota chochote. Wakala anataka jibu wiki hii. Je, Mungu amekataa kunijibu?
Mama wa watoto watatu, Tanga

JIBU: Waalaykum salaam dada yetu. Ndoto si sharti la istikhara, yaani swala ya kumwomba Mungu akuchagulie lililo kheri. Katika hadithi ya Jabir bin Abdillah aliyoipokea Bukhari, Mtume (s.a.w.) aliwafundisha masahaba istikhara kama alivyowafundisha sura ya Qurani, na humo hamna habari ya kulala, ya kuona rangi ya kijani au nyeupe ndotoni, wala ya kuhesabu siku. Ile hadithi inayosema istikhara irudiwe mara saba, mapokezi yake ni dhaifu sana. Kurudia si vibaya, lakini usiku wa saba haukuwekwa kuwa siku ya majibu.

Yenyewe ni hivi. Unaswali rakaa mbili zisizo za faradhi, nje ya nyakati zilizokatazwa, kama baada ya Alasiri mpaka jua lizame. Wanazuoni wetu wa Kishafii hupendekeza Al-Kafirun katika rakaa ya kwanza na Al-Ikhlas katika ya pili. Ukishatoa salamu, unasoma dua ya istikhara. Ikiwa hujaihifadhi, isome kwenye karatasi. Unapofika pale pa kutaja jambo lako, litaje wazi: “kwenda kwangu Muscat kwa kazi hii”. Aliye katika hedhi husoma dua bila swala.

Sasa tazama dua yenyewe inaomba nini. Unasema: ikiwa jambo hili ni kheri kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, nikadirie na unifanyie wepesi, na ikiwa ni shari, liepushe nami nami uniepushe nalo, unikadirie kheri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo. Hakuna mahali ulipoomba kuonyeshwa. Umeomba njia ifunguke au ifungwe, na moyo uridhike kwa lolote litakalokuwa. Kwa hiyo jibu hulioni ukiwa umelala. Unakutana nalo ukiwa unatembea.

Basi tembea. Mwambie wakala akupe mkataba katika lugha unayoisoma, uangalie mshahara, siku ya mapumziko, pasi itashikwa na nani, na nauli ya kurudi atalipa nani. Mtafute mama aliyewahi kufanya kazi huko akarudi, umuulize yeye, usimuulize wakala peke yake. Kaa na mumeo mwafikiane mdogo atalelewa na nani. Wakala akikataa kuonyesha mkataba, au mlezi wa mtoto akakosekana, ujue mlango unafungwa, na ndivyo ulivyoomba. Mambo yakinyooka, nenda na Bismillahi. Haraka ya wakala isikuamulie.

Wako wanaokwenda kwa mtu wa kuwatazamia au kupiga bao, wakaita hiyo istikhara. Hapana. Waarabu kabla ya Uislamu walipiga ramli kwa mishale, Qurani ikaikataza katika Surat Al-Maida. Swali lako liko baina yako na Mola wako, halihitaji mtu wa kati wala ada.

SWALI: Mwanangu ana selimundu. Naomba kila siku, na maumivu hurudi. Wakati mwingine nalia nikiuliza mbona. Je, ni upungufu wa imani?
Baba, Mombasa

JIBU: La, baba. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, na alisema anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake. Kumshitakia Yeye ni ibada. Kinachoharibu dua ni kusema “nimeomba sikujibiwa”, kisha ukaacha. Mtume amesema dua ya Muislamu isiyo na dhambi wala kukata udugu hupata moja ya matatu: hupewa mapema, huwekewa Akhera, au huondolewa shari mfano wake. Huenda usiku ambao mtoto amelala bila maumivu ni katika hilo la tatu.

Kliniki msiikose, dawa na maji asiyaache. Mtume ametuamrisha kujitibu.

Uamke theluthi ya mwisho ya usiku. Hesabu kutoka Magharibi hadi Alfajiri, ugawe kwa tatu. Magharibi ikiwa saa 12:30 na Alfajiri saa 11:00, usiku ni saa kumi na nusu, na theluthi moja ni saa tatu na nusu; ya mwisho inaanza saa 7:30. Anza kwa kumhimidi Allah na kumswalia Mtume, kisha umtaje mwanao kwa jina lake.