Polisi wakibisha hodi usiku, tafuta kalamu

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji wa Malindi. Polisi wameingia kwao usiku wa manane, wamepindua magodoro, wameondoka na simu na kompyuta ya kakake. Waranti, yaani karatasi ya mahakama ya kuruhusu upekuzi, hawakuonyesha. "Dada, sheria inawaruhusu?"

Mdogo wangu, hayo yalinikuta Kisauni, Mombasa. Walimtaka kijana wa jirani, wakaanzia kwangu. Nikamwambia mkubwa wao, "Afande, naomba nione waranti." Akanijibu, "Mama, usitufunze kazi," akapita. Unga ulimwagwa sakafuni. Sanduku la leso za marehemu mamangu likafunguliwa, na mmoja akazikanyaga kwa buti lake lenye tope. Leso nimezifua, lakini moyo bado haujatulia.

Walipochukua simu yangu, nilivuta daftari la mwanangu la hesabu nikaandika ukurasa wa mwisho: simu nyeusi, kioo kimepasuka pembeni, na wakati walipoichukua. Mkubwa alikataa kutia sahihi. Jirani yangu akatia kama shahidi. Ukurasa ule ndio wakili aliokwenda nao, na mwezi uliopita simu imerudi mkononi mwangu. Najivunia, sifichi.

Sasa sikiliza. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda nyumba yako isipekuliwe ovyo. Waranti hutekelezwa kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama iruhusu usiku. Ni kweli kifungu cha 60 cha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi kinamruhusu afisa kuingia bila waranti, iwapo kuisubiri kutaharibu uchunguzi. Lakini lazima akuonyeshe cheti chake cha uteuzi, yaani kitambulisho chake cha polisi, ukikiomba, aandike alichochukua, na akipeleke kwa hakimu bila kuchelewa. Huo mlango mdogo wa sheria wameugeuza lango. Tuliona 2014 katika Usalama Watch, msako wa polisi dhidi ya ugaidi: mtaa wa Eastleigh, Nairobi, nyumba kwa nyumba, Wasomali wakirundikwa uwanja wa Kasarani. Tukinyamaza kwa sababu leo ni zamu ya jirani, tutawalaumu nani wakija kwetu?

Usipigane nao, usiwazuie mlangoni. Omba cheti, andika jina, andika kila kitu kinachotoka. Andika! Na wewe wa Malindi, keti na kakako leo muorodheshe vilivyochukuliwa, mwende kituoni mkadai nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, kisha mpeleke malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi. Wakikataa kuwapa nambari, andikeni pia kwamba wamekataa, na nani.