Jiwe liingie majini kabla hela haijatoka mfukoni (kwa mkuu anayetaka kununua benitoiti)

Usitume hiyo hela. Hata kama umeshaandika namba ya siri, futa.

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Jamaa wa Kongwa anakuuzia nusu kilo ya mawe ya buluu kwa milioni tatu, anasema ni benitoiti, silikati adimu ya bariamu (yaani jiwe la silikoni na oksijeni lenye bariamu ndani), na Ijumaa mnamalizana. Unataka kujua iko kundi gani la silikati, sifa zake, karati moja inauzwaje na kibali cha kuitoa nje kinapatikanaje. Na hapo juu yangu watu watatu wamekupongeza. Mmoja kasema zali limekuangukia! Zali hilo hilo lilishaniangukia mimi mwaka juzi, na lilipomaliza kuniangukia nilikuwa nimepungukiwa milioni nne na laki mbili.

Nilikuwa nimetoka kuuza mahindi Kibaigwa, hela ipo, akili imelala. Rafiki yangu akanikutanisha na bwana mmoja Mpwapwa. Simtaji jina, na hata lile alilonipa siamini kama lilikuwa lake. Alivaa kizibao cha mifuko mingi kama cha wapiga picha za harusi, na kila mfuko una kitu: lenzi, sumaku, karatasi ya fomula iliyopigwa laminesheni. Laminesheni, mkuu. Mtu akishalaminishia uongo wake unauona kama cheti.

Unielewe pia, tangu rubi za Winza, huko huko Mpwapwa, zilipolipuka mwaka 2007 na 2008, mtu wa Dodoma akiambiwa kuna jiwe jipya Mpwapwa moyo unakubali kabla sikio halijamaliza kusikia. Nani alitegemea Winza? Kwa hiyo na mimi nikajiona ndiye wa kwanza kufika.

Akanipeleka chumbani gesti, akafunga pazia, akatandaza mawe kitandani juu ya shuka. Buluu hafifu, safi, mengine makubwa kama nusu ya kidole gumba. Akanipa dalili tatu, na nitakueleza zote, maana nina hakika na huyo wako atakupa hizo hizo.

Ya kwanza, pembetatu. "Unaona nyuso hizi? Benitoiti hutoka na pembetatu." Nikatazama, kweli, pembetatu kila upande. Ya pili, mkono. Aliniwekea jiwe kiganjani, akasema bariamu ni madini mazito, hata jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kigiriki la uzito. Hilo ni kweli, na Humphry Davy ndiye aliyeitenga bariamu London mwaka 1808, yote yalikuwa kwenye laminesheni. Nikapima kwa kiganja nikaona, mh, zito. Mkuu, kiganja chenye tamaa hupima vibaya kuliko mizani ya muuza nyanya. Ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Alizima taa, akatoa kitochi kile kidogo cha kukagulia noti bandia, akamulika. Shuka zima likawaka buluu kama taa za ukumbi wa harusi. Akanong'ona, eti mtu anaweza kutusikia: "Hiyo ndiyo bariamu inaongea."

Nililipa usiku huo huo. Hata bei sikuivuta sana, nilivuta laki tatu tu, nikajiona mjanja.

Sasa sikiliza kilichokuwa kitandani pale. Ilikuwa fluoraiti. Kalisi na fluorini basi, hakuna silikati, hakuna bariamu, hakuna titani, vitu ambavyo benitoiti ya kweli inavyo vyote. Fluoraiti hupasuka kirahisi katika pande nne, ukiipasua unabaki na kipande chenye nyuso nane, zote pembetatu. Hizo ndizo pembetatu zangu, za nyundo, siyo za fuwele. Na kuwaka? Mwaka 1852 mwanasayansi George Stokes alipotafuta jina la hali hii ya jiwe kuwaka chini ya mwanga wa urujuanimno (ule usioonekana kwa macho, ambao tochi ya noti hutoa), jina ambalo kwa Kiingereza ni fluorescence, alilichukua kutoka kwenye jina la fluoraiti yenyewe. Yaani nimeuziwa jiwe lililoipa jina ile dalili, na dalili hiyo ndiyo ikatumika kuniaminisha kwamba ni jiwe jingine. Ukiwa na moyo mgumu unaweza kucheka. Mimi ilinichukua miezi saba.

Benitoiti ya kweli nayo huwaka buluu, tena sana, ila kwa urujuanimno wa mawimbi mafupi. Taa ya mawimbi mafupi ni kifaa chake, ina gharama, na huwezi kuichezea bila miwani kwa sababu inaumiza macho. Tochi ya noti ni ya mawimbi marefu, na ukiimulika benitoiti kwa tochi hiyo kwa kawaida hukaa kimya tu, haiwaki. Halafu inayowaka ndani yake ni titani na oksijeni zilizoizunguka. Bariamu haiongei kitu. Kwa maneno mengine, yale mawe yangekuwa benitoiti kweli, kile kitochi kisingeonyesha chochote cha maana. Kuwaka kwake ndiko kulikomsuta, na mimi nikakuchukua kama risiti.

Tatu kati ya tatu, mkuu. Buluu, pembetatu, inawaka, zote zilikuwa kweli na zote hazikunisaidia kitu. Na mimi si mjinga. Nina diploma. Ya ualimu, lakini ni diploma.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja mpimaji wa vito hapa Dodoma mjini, mtu wa makamo, miwani imening'inia kwenye kamba. Nilimwamkia, nikamwaga mfuko mezani kwa madaha. Akayatazama kidogo tu.

"Mwanangu, haya umepewa au umenunua?"

"Nimenunua, mama."

"Pole."

Hakuchukua hata lenzi. Alichukua kikombe cha plastiki, maji ya bomba, uzi wa kushonea na mizani ya kidijitali inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Akachagua jiwe moja, kavu likasoma gramu 15.90. Akaweka kikombe cha maji juu ya mizani, akabonyeza irudi sifuri, akalifunga jiwe uzi na kulizamisha likining'inia, haligusi chini wala pembeni. Mizani ikasoma 5.00. Hiyo namba ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Ukigawa 15.90 kwa 5.00 unapata 3.18, yaani jiwe ni zito mara 3.18 ya maji ya ukubwa huo huo, na hiyo ni fluoraiti kama ilivyoandikwa vitabuni. Benitoiti hucheza kati ya 3.64 na 3.68, kwa hiyo jiwe lile lingetakiwa lisukume gramu 4.36 hivi. Safaya, yakuti ya buluu, ni 4.00, ingesukuma 3.98. Tanzanaiti ni kama 3.35. Vioo vingi vya kawaida viko 2.5, kwa hiyo kioo kingesukuma zaidi ya gramu 6. Dakika mbili. Kikombe kile kilikuwa cha maziwa mtindi, bado kina maandishi.

Kisha akapitisha ncha ya kisu kwenye kona ya jiwe, likachubuka. Ugumu wa benitoiti ni 6 mpaka 6.5 kwa kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, cha 1 mpaka 10, kisu cha kawaida kinateleza. Fluoraiti ni 4. Hata kisu hakikuhitajika, alitaka tu niamke kabisa nadhani.

Nilimpigia yule wa kizibao nikiwa pale pale. Namba haipatikani. Na yule rafiki aliyenikutanisha naye alikuja kuniambia "biashara ya mawe ina bahati yake". Bahati gani? Yeye alikula asilimia yake! Hawa watu wa katikati ndio wanaonikera kuliko hata tapeli mwenyewe. Tapeli ana kazi yake anajulikana, wewe rafiki unakula kwenye sahani mbili halafu unanifundisha bahati.

Haya, sayansi yako. Silikati hupangwa kwa jinsi vipiramidi vya silikoni na oksijeni vinavyoshikana: vingine kimoja kimoja, vingine mnyororo, vingine karatasi, vingine pete. Benitoiti ni ya pete, pete ya vipiramidi vitatu, fomula BaTiSi3O9. Zumaridi na tomalini nazo ni za pete, ila zao ni za sita. Ina ndugu wawili wa karibu: pabstaiti yenye bati mahali pa titani, na baziraiti yenye zirikoni. Fuwele zake zina mpangilio wa ulinganifu ambao Mjerumani Hessel aliupata kwa hesabu tupu mwaka 1830, na haukuonekana kwenye jiwe lolote mpaka benitoiti ilipopatikana kaunti ya San Benito, California, mwaka 1907. Waliolipata nao walidhani ni safaya, mpaka Louderback wa chuo kikuu cha Berkeley alipolipima na kulipa jina. Kwa hiyo hata wenye jiwe lao walikosea. Tofauti ni kwamba wao walipeleka kupima, mimi nilipeleka hela.

Sifa nyingine itakayokufaa: ukiigeuza benitoiti ya buluu upande mmoja unaona buluu, upande mwingine karibu inakosa rangi kabisa. Fluoraiti na kioo hubaki vile vile hata ugeuze mpaka jioni. Inatawanya mwanga karibu kama almasi, ndiyo maana iliyokatwa vizuri inatoa cheche za rangi. Na ni ndogo! Mawe mengi yaliyokatwa hayafiki hata karati moja. La jumba la makumbusho la Smithsonian, lile linalotajwa kila mahali, lina karati 7 na kidogo. Wewe unauziwa nusu kilo, ambayo ni karati 2,500, kwenye mfuko wa Rambo. Chanzo cha biashara cha mawe ya kukata kilichowahi kujulikana ni hicho kimoja cha California, kwenye mishipa ya natrolaiti (madini meupe) ndani ya miamba ya serpentini. Milima ya kwetu Mpwapwa imepikwa kwa namna nyingine kabisa.

Lakini narudi kwenye maji, maana najua umeruka. Sheria yangu ni moja: jiwe liingie majini kabla hela haijatoka. Muuzaji akikataa, ondoka, hata kama amekununulia soda. Usipime kokoto ya chini ya gramu moja kwa mizani hiyo, itakudanganya. Usipime jiwe lililobeba mwamba wake, safisha kwanza. Mapovu yakishika jiwe namba inaharibika, tia tone moja la sabuni ya vyombo kwenye maji. Pima mawe matano tofauti, siyo lile analokuchagulia yeye.

Na uelewe maji yanasema hapana tu, hayasemi ndiyo. Ukipata 3.65 usianze kuruka, kayanaiti nayo hufika hapo hapo na ni ya buluu vile vile. Spineli iko 3.60. Hapo ndipo unapanda ngazi: kayanaiti ukiikwaruza kwa kisu kwa urefu inachubuka, kwa upana inakataa. Ikipita hapo nenda kwa mpimaji mwenye kifaa cha kusoma namna mwanga unavyopinda, benitoiti itampa namba mbili zilizoachana mbali, 1.757 na 1.804, wakati za safaya zimebanana, 1.762 na 1.770. Ila mawe mengi ya Ijumaa hayafiki huko. Yanafia kwenye kikombe.

Ya kwangu sikuyatupa. Wanangu wanayachezea bao, yanateleza vizuri kwenye shimo, na mama watoto kila mgeni akija anasema "hizo kete ni ghali kuliko nyumba, msizipoteze." Mgeni anadhani ni utani.

Mizani ya namna hiyo wanauza madukani Majengo, elfu thelathini hivi niliinunua yangu. Kesho mfuate huyo jamaa na kikombe chako. Usiniwekee picha hapa, picha za mawe ya buluu nimeshaona za kunitosha. Niletee namba mbili tu kwa kila jiwe: kavu ngapi, majini ngapi.