Hesabu magamba kabla ya kutaja jina

Wadogo zangu mnaopanda Uluguru kwa mara ya kwanza, kuna nyoka kipofu ambaye huenda mkamaliza msimu mzima bila kumwona: Letheobia uluguruensis. Wanasayansi Barbour na Loveridge walimpa jina mwaka 1928, na mpaka leo anajulikana kutoka milima hiyo tu. Ni mwembamba, rangi ya waridi, anaishi udongoni, na macho yake hayaonekani kwa nje.

Ukifukua kitu cha namna hiyo, kwanza hakikisha ni nyoka. Nyungunyungu ana pingili. Boulengerula, amfibia wasio na miguu wa milima hiyohiyo, nao wana pingili, tena ngozi yao ina utelezi. Nyoka kipofu mpitishie kidole: ni mkavu, laini kama kioo, na magamba yake ni yaleyale kuanzia mgongoni hadi tumboni. Tulia naye kidogo, ulimi wenye ncha mbili utachomoza. Upande wa pili kuna mkia mfupi mno wenye kimwiba, na atakuchoma nao. Usimtupe! Hana sumu. Wengi humwita ndumakuwili na kumkata kwa jembe, jambo linaloniuma sana.

Rangi isikudanganye. Mwaka wangu wa kwanza niliokota mmoja chini ya chungu cha maua, kijivu chenye ubuluu ambao sikuwahi kuuona. Nikaandika daftarini "spishi mpya?" na usiku sikulala kwa furaha. Asubuhi nikashika lenzi, nikahesabu magamba kuzunguka katikati ya mwili: 20. Macho yalikuwa nukta mbili nyeusi chini ya ngozi. Alikuwa Indotyphlops braminus, aliyesambaa duniani kwa udongo wa miche, majike watupu wanaotaga bila dume. Ule ubuluu ni kwa sababu alikaribia kujivua gamba.

Tangu hapo nahesabu mara tatu kabla ya kuandika jina. Ukipata 14, huyo ni nyoka uzi, familia nyingine kabisa. Nyoka yeyote utakayempata mtie kwenye mrija mwembamba unaoonyesha, weka pamba yenye maji asikauke, umzungushe polepole huku ukipiga picha: kichwa juu, ubavuni na chini, kisha ncha ya mkia.

Ukimaliza mrudishe palepale, na gogo ulilaze kama ulivyolikuta. Mayai ya mchwa na ya sisimizi yaliyo chini ya magogo kama hayo ndiyo chakula cha nyoka hawa.