Darasa la mapishi ya Vietnam kwa asiyekula nyama wala samaki

Dada, umeuliza kama darasa la mapishi kule Hoi An, mji wa Vietnam, litakufaa wewe usiyekula nyama wala samaki. Litakufaa sana, ila kabla hujalipa ulizia nước mắm, ule mchuzi wa samaki waliochachushwa kwa chumvi. Hutiwa karibu kila kitu, hata kwenye kibakuli cha kuchovyea. Waambie unakula “chay”, yaani chakula kisicho na nyama wala samaki, watumie sosi ya soya.

Supu ya phở, ile ya tambi za mchele, nayo omba ichemshwe kwa uyoga na figili badala ya mifupa. Tangawizi na kitunguu vichomwe kwanza motoni hadi ngozi iwe nyeusi. Hapo ndipo harufu inapotoka.

Kama una mzio wa karanga, muone daktari kabla ya safari, maana hunyunyizwa kwenye vyakula vingi.