Jibu: Kwa nini sauti inapita kona, mwanga haupiti?

Mkuu, umeuliza kwa nini mtu akiongea nyuma ya kona ya ukuta unamsikia ila humwoni, wakati sauti na mwanga vyote ni mawimbi. Swali zuri sana hili.

Wengi hukimbilia kusema sauti inadunda kwenye kuta. Kweli inadunda, lakini hata mahali pa wazi pasipo na ukuta mwingine bado utamsikia. Jambo la msingi ni urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata. Kila wimbi hujipinda likipita ukingoni, na hujipinda zaidi urefu wake unapokaribia au kuzidi upana wa upenyo. Sauti hewani husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, joto likiwa nyuzi 20 za Selsiasi. Gawanya kwa masafa ya hezi 200 (mitetemo 200 kwa sekunde), ambayo yamo ndani ya sauti ya mtu, unapata urefu wa wimbi wa mita 1.7, kuzidi upana wa mlango wa kawaida. Mwanga tunaouona una nanomita 400 hadi 700 tu, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwake mlango ni bahari.

Ila mwanga nao hujipinda, na unaweza kuliona sasa hivi. Weka vidole viwili karibu na jicho, acha mwanya mwembamba kama unywele, kisha tazama taa ya mbali (jua usilitazame kamwe!). Utaona vistari vyeusi ndani ya mwanya, sambamba na vidole. Hapo kilele cha wimbi moja kimeangukia kwenye bonde la jingine, yakafutana.